Nidhamu darasani: tuangalie kinachofuata baada ya tendo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala wa nidhamu ya wanafunzi, mjadala ambao kila ukifufuka huwagawa wachangiaji katika kambi mbili zile zile. Wako wanaosema mtoto wa siku hizi ameharibika kwa kukosa viboko, na wako wanaosema mtoto hahitaji kingine ila kupendwa na kueleweka. Nimefundisha shule ya msingi muda wa kutosha kujua kwamba kila kambi inaona kitu cha kweli, lakini pia kwamba zote mbili huruka jambo moja ambalo mwalimu aliye mbele ya darasa hawezi kuliruka, nalo ni yale yanayotokea katika sekunde chache baada ya mtoto kufanya alilofanya. Ninavyoamini mimi, nidhamu ya darasa hujengwa au hubomolewa katika sekunde hizo, na anayezishika ni mwalimu, mara nyingi bila kujua kwamba anazishika.

Jambo hili si geni. Kila aliyepita chuo cha ualimu amesoma habari za biheviorisimu, yaani ile nadharia inayochunguza tabia inayoonekana pamoja na mazingira yanayoizunguka, badala ya kukisia yaliyomo moyoni. Ameandika kwenye mtihani kwamba John B. Watson aliitangaza nchini Marekani mwaka 1913, kwamba Ivan Pavlov wa Urusi alifanya majaribio kwa mbwa waliotokwa na mate, na kwamba B. F. Skinner alitumia panya na njiwa. Akishapata alama zake, nadharia hubaki kwenye daftari. Nadhani hali hiyo inatokana na kufundishwa majina ya wataalamu na wanyama wao bila kufundishwa kuiona nadharia yenyewe ikifanya kazi kwenye dawati la mtoto.

Kwa mwalimu, mtu wa kukumbukwa kabla ya Pavlov ni Edward Thorndike, ambaye mwaka 1898 alieleza majaribio ya paka waliofungiwa ndani ya visanduku. Paka alihangaika, akakwaruza, akajipenyeza huku na kule, hadi kwa bahati akagusa kamba au kitufe kilichofungua mlango, akatoka, akala. Aliporudishwa tena na tena, mahangaiko yasiyo na faida yakapungua, na lile tendo moja lililofungua mlango likaja upesi zaidi. Thorndike akatoa kanuni kwamba tendo likifuatwa na jambo la kuridhisha huelekea kurudiwa katika hali kama ile. Skinner, kuanzia miaka ya 1930, aliichunguza kanuni hiyo kwa undani zaidi, akaeleza kwamba kiimarishi ni jambo lolote linalofuata tendo na kulifanya tendo hilo lizidi kutokea. Neno la kukazia macho hapa ni “lolote”. Kiimarishi si lazima kiwe kitamu, wala si lazima anayekitoa awe amekusudia kutoa zawadi. Njia pekee ya kukitambua ni kutazama kama tendo linaongezeka.

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa la mwalimu mwenzangu wakati wa kipindi cha hesabu. Mvulana mmoja alikuwa akinakili maswali ubaoni, kisha akasita, akautazama ubao, akalitazama daftari lake, akaanza kugonga ukingo wa dawati kwa rula. Mwalimu akageuka, akamwita kwa jina, akamuuliza ana nini. Vichwa vyote vikageukia dawati lile. Mvulana akaweka rula chini, akainamia daftari huku midomo ikijizuia kucheka. Kwa dakika kadhaa akaandika vizuri kabisa, na hakuna aliyemsemesha. Akamaliza swali, akainua macho kumtafuta mwalimu, akamwona yuko upande mwingine akisahihisha, na mkono ukairudia rula. Katika kipindi kile chote jina la mtoto huyo lilitajwa mara nyingi kuliko la mwanafunzi mwingine yeyote, na halikutajwa hata mara moja wakati alipokuwa akiandika.

Mwalimu yule ni mtu mwenye bidii na anawapenda watoto, na kwa macho yake alikuwa akimkanya mkorofi. Lakini tukikitazama kipindi kile kama Thorndike alivyolitazama sanduku lake, rula ndiyo iliyokuwa kamba ya kufungua mlango. Kuandika hakukuleta kitu, kugonga kulileta macho ya mwalimu na ya darasa zima. Kwa mtoto anayetamani kuonekana, kukaripiwa ni afadhali kuliko kusahaulika.

Si mimi ninayelitunga hili. Mwaka 1968 Charles Madsen, Wesley Becker na wenzao walichapisha uchunguzi walioufanya katika darasa la kwanza nchini Marekani ambamo watoto walikuwa na tabia ya kuinuka ovyo vitini. Walimu walipozidisha amri ya “kaa chini”, watoto waliosimama waliongezeka badala ya kupungua. Amri ilipopunguzwa, kusimama kukapungua, na walimu walipoanza kuwasifu waliokaa na kufanya kazi, kusimama kukapungua zaidi. Ukumbuke kwamba kila amri ilimkalisha mtoto aliyeambiwa, papo hapo. Mwalimu aliona amri yake inafanya kazi, kwa sababu kila alipoitoa mtoto alikaa. Asichokiona ni kwamba amri ile ile ndiyo iliyokuwa ikiwainua wengine, na kumwinua yule yule baada ya muda mfupi.

Hapo ndipo mtego ulipo, na ningeomba walimu wenzangu tuutazame bila kuoneana haya. Vitabu vyetu hutaja uimarishaji chanya na uimarishaji hasi, na wengi wetu tumezoea kuuchukulia huo wa pili kama jina jingine la adhabu. Sivyo. Uimarishaji chanya ni pale tendo linapozidi kwa sababu limeleta jambo fulani, na uimarishaji hasi ni pale linapozidi kwa sababu limeondoa jambo la kukera. Mwalimu akipayuka, kelele hukoma mara moja, na kero inayomchosha masikio huondoka. Kwa hiyo kupayuka kwake kumeimarishwa, naye atapayuka tena kesho, na kesho kutwa kwa sauti kubwa zaidi, maana darasa nalo huzoea. Mwanafunzi anapata macho ya watu, mwalimu anapata dakika mbili za utulivu, na kila mmoja anamfundisha mwenzake kuendelea. Ndiyo maana siwalaumu walimu wanaoishi kwa kukemea. Wamefundishwa kukemea na madarasa yao wenyewe, kwa kanuni ile ile inayowafundisha watoto kupiga kelele.

Kutoka katika mtego huu hakuhitaji vifaa. Mwaka huo huo wa 1968, Madsen, Becker na Don Thomas walichapisha uchunguzi mwingine, wakijaribu mambo matatu kwa zamu: kuwaeleza watoto kanuni za darasa, kupuuza makosa madogo, na kusifu mwenendo unaotakiwa. Kanuni peke yake hazikubadilisha karibu chochote. Kupuuza na kusifu vilipotumika pamoja, tabia mbaya ilipungua sana. Nadhani matokeo hayo yangebandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya walimu, kwa sababu shule zetu zimejaa kanuni zilizoandikwa kwa herufi kubwa, na tunashangaa kwa nini hazifuatwi. Kanuni inamwambia mtoto kinachotakiwa, lakini haimwambii kitatokea nini akikifanya, na kinachotokea kwa kawaida akikifanya ni kwamba hakuna kinachotokea. Mtoto aliyenyoosha mkono akasubiri hupitwa na aliyeropoka jibu. Aliyeketi kimya tangu mwanzo wa kipindi hupewa kimya chetu, maana tunahofia kuuvuruga utulivu tulioupata.

Kusifu nako kuna namna yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo jitihada nyingi huharibikia. Mwalimu anayetembea darasani akisema “vizuri, vizuri, safi sana” kwa kila mtu hajamwimarishia yeyote chochote, kwa sababu hakuna anayejua alichosifiwa. Sifa inayofanya kazi hulitaja tendo: “Umesoma swali lote kabla hujaanza kuandika, hivyo ndivyo inavyotakiwa.” Hutolewa karibu na tendo, kabla jambo jingine halijaingia katikati. Hutolewa mara kwa mara mwanzoni, wakati tabia bado changa, kisha hupunguzwa polepole kadiri inavyokomaa. Kwa wanafunzi wakubwa hutolewa kwa sauti ya chini ukiwa umesimama karibu na dawati, au kwa mstari mmoja ulioandikwa pembeni mwa kazi, kwa sababu kijana wa miaka 14 akisifiwa mbele ya wenzake huweza kuaibika, na sifa inayoaibisha huwa adhabu hata kama mwalimu alikusudia mema. Mtafiti Jere Brophy alieleza mwaka 1981 kwamba sifa nyingi za walimu hazifanyi kazi ya uimarishaji kabisa, kwa kuwa hutolewa ovyo, bila kufungamana na tendo maalumu.

Jambo jingine ambalo halikubaliki kirahisi ni kwamba mtoto mkorofi kuliko wote ndiye anayehitaji kusifiwa mapema kuliko wote, na kwa jambo dogo kuliko wote. Walimu wengi huniambia kwamba huyo hana la kusifiwa. Lakini hakuna mtoto anayefanya fujo kila sekunde. Hata mvulana wa rula aliandika. Skinner aliwafundisha wanyama matendo magumu kwa kuimarisha kila hatua ndogo iliyoelekea kwenye tendo lililokusudiwa, bila kungoja tendo kamili litokee lenyewe. Anayetaka mtoto atulie kipindi kizima, na leo mtoto huyo anaweza dakika tatu, aanze na dakika hizo tatu. Amfikie katika dakika ya pili, akiwa bado anaandika, si ya tano mkono ukiwa umesharudi kwenye rula. Baada ya siku chache asubiri hadi ya nne. Baadhi ya wenzangu huona huku ni kumbembeleza mkosaji mbele ya watoto watiifu. Mimi naona ni kumfundisha mwenendo kama tunavyomfundisha kusoma, ambako hakuna anayemnyima mtoto silabi kwa sababu bado hawezi aya.

Kupuuza ni nusu ya pili ya kazi, na ni nusu yenye hatari. Kwanza, hakufai kwa kila kosa. Mtoto anayempiga mwenzake, anayemdhalilisha au anayejihatarisha lazima azuiwe mara moja, na kuzuiwa huko kuwe kwa maneno machache na uso mtulivu. Pili, kupuuza hufaa tu pale ambapo macho ya mwalimu ndiyo yanayoilisha tabia. Kama inalishwa na vicheko vya wenzake, mwalimu anaweza kupuuza hadi mwisho wa muhula bila mafanikio. Tatu, na hili ndilo linalowavunja moyo wengi, tabia iliyozoea kulipwa ikikosa malipo ghafla huzidi kwanza kabla ya kupungua. Mtoto aliyekuwa akigonga dawati polepole atagonga kwa nguvu zaidi, kisha ataita, kisha ataangusha kitu. Ni kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango isiyoitikiwa: kabla ya kuondoka huibonyeza mara kadhaa kwa nguvu. Mwalimu asiyelitarajia hilo atasema njia imeshindwa, atageuka na kukemea, na hapo atakuwa amefanya jambo baya kuliko kutopuuza kabisa, kwa sababu amemfundisha mtoto kwamba malipo yapo ila yanahitaji kelele kubwa zaidi.

Charles Ferster na Skinner walionyesha katika kazi yao kubwa ya mwaka 1957 jinsi ratiba za malipo zinavyoiongoza tabia, na somo moja la ratiba hizo linamhusu kila mwalimu: tabia inayolipwa mara moja moja, bila mpangilio unaotabirika, ni ngumu kuizima kuliko inayolipwa kila mara. Anayevumilia leo na kesho akalipuka keshokutwa ameipanda tabia ile kwa mizizi mirefu. Kwa hiyo asiyeweza kupuuza hadi mwisho ni heri asianze.

Kuna jambo ambalo wanaoifuata nadharia hii juu juu hulikosea, nalo ndilo huwapa wapinzani silaha. Si kila mtoto msumbufu anatafuta macho ya watu. Mwingine anakimbia kitu. Chukua msichana ambaye kila inapofika zamu ya kusoma kwa sauti huanza ugomvi na jirani yake. Mwalimu, kwa hasira ya haki, humtoa nje. Wiki baada ya wiki ugomvi huja mapema zaidi, na mwalimu husema mtoto huyu hata adhabu haogopi. Lakini kutolewa nje si adhabu kwake. Kumemwokoa na aibu ya kusoma kwa kukwama mbele ya wenzake. Hapo sifa na kupuuza havitasaidia sana. Kitakachosaidia ni kumpa kifungu kifupi anachokiweza, ajiandae nacho mapema, asome akiwa na mwenzake mmoja kabla ya kusoma mbele ya darasa, na kumfundisha kuomba msaada kwa maneno ili asiuombe kwa ngumi. Mwalimu anayetaka kujua analolikimbia mtoto au analolitafuta aandike kwa wiki moja mambo matatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na nini kilifuata. Ikiwa kila mara kilichotangulia ni kazi ya kuandika na kilichofuata ni kutolewa nje, jibu limeshapatikana.

Hilo linanifikisha kwenye viboko. Wanaovitetea hukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, nami sina ugomvi na methali hiyo, maana hakuna mahali iliposema samaki akunjwe kwa fimbo. Skinner mwenyewe, ambaye wengi humdhania kuwa baba wa thawabu na adhabu, aliipinga adhabu maisha yake yote ya utafiti. Adhabu hukandamiza tendo kwa muda, na kwa kawaida tendo hurudi adhabu inapokoma au mwadhibu anapoondoka. Ndiyo sababu darasa linaloendeshwa kwa fimbo hulipuka mwalimu akitoka nje. Adhabu humwambia mtoto asilopaswa kufanya, na humwacha bila kujua afanye nini badala yake. Pia humfundisha kukwepa, kusema uongo, kutoroka shule, na kumpiga aliye mdogo kuliko yeye. Pavlov naye anapata nafasi yake hapa, maana mbwa wake walitokwa na mate kwa ishara iliyozoea kutangulia chakula, hata kabla ya chakula chenyewe. Mtoto anayechapwa katika kipindi cha hesabu haiogopi fimbo pekee. Baada ya muda huogopa daftari la hesabu, sauti ya mwalimu wa hesabu na kengele inayotangaza kipindi chenyewe, na mtoto aliyeshikwa na hofu hajifunzi hesabu. Kuna watu wazima wanaosema walizaliwa bila akili ya hesabu, na ninashuku kwamba baadhi yao walizaliwa nayo.

Kusema hivyo si kusema mtoto asirekebishwe. Mwaka 1970 Daniel O'Leary na wenzake walilinganisha makaripio ya sauti kubwa yaliyosikika darasa zima na makaripio ya sauti ya chini yaliyosikika kwa mtoto mhusika tu, wakaona kwamba ya chini yalipunguza usumbufu zaidi. Si vigumu kuona sababu: karipio la chini halimpi mtoto hadhira. Kwa mantiki hiyo hiyo, orodha ya wapiga kelele ubaoni ina kasoro kubwa. Kwa mtoto anayetafuta umaarufu, jina ubaoni ni bango la bure, na anayeandikwa mara ya kwanza hana tena la kupoteza kwa kipindi kilichobaki.

Ninajua hoja ya walimu wenye madarasa makubwa, kwamba hakuna wa kumfuatilia mtoto mmoja mmoja. Mchezo wa Mwenendo Mwema, ulioelezwa mwaka 1969 na Harriet Barrish, Muriel Saunders na Montrose Wolf kutokana na darasa la nne huko Kansas, ulibuniwa kwa ajili ya kundi zima. Darasa hugawanywa katika timu, kanuni huwa chache na zinazoonekana, kila uvunjaji huwekewa alama ubaoni kwenye timu, na timu inayobaki chini ya idadi iliyokubaliwa hupata haki fulani ndogo. Timu zote zinaweza kushinda, na hilo ni muhimu, kwa kuwa hakuna anayefaidika na kuanguka kwa mwenzake. Vicheko vya wenzake, vilivyokuwa vikimlisha mchekeshaji, hukauka, maana sasa kichekesho kinaigharimu timu. Huko Baltimore mchezo huu ulijaribiwa katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi tangu katikati ya miaka ya 1980, na watafiti waliowafuatilia watoto hao hadi utu uzima walikuta matatizo machache ya dawa za kulevya, hasa kwa wavulana waliokuwa wakali walipoanza shule. Ninaupendekeza, kwa sharti kwamba mwalimu akiona mtoto mmoja anaiangusha timu yake kila siku asimwache akageuzwa kuwa adui wa wenzake. Mtoto huyo ahesabiwe peke yake kwa muda, apewe kiwango anachokiweza, na arudi kwenye timu akiwa na cha kuiletea.

Zawadi ndogo ndogo, kama pointi, nyota na muda wa kucheza, nazitaja kwa tahadhari. Wazazi wengi huuliza kama huku si kuhonga. Hongo hutolewa ili mtu atende asilostahili kutenda, na mara nyingi hutolewa katikati ya fujo ili fujo ikome. Mwalimu anayesema “nyamazeni niwape muda wa kucheza” wakati darasa linawaka ameilipa fujo. Anayetoa muda huo kwa sababu kazi imekamilika kama ilivyokubaliwa ameilipa kazi. Hata hivyo hoja ya wapinzani ina uzito katika upande mmoja. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walionyesha kwamba watoto wadogo waliopenda kuchora, wakiahidiwa tuzo ili wachore, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao waliochora bila kuahidiwa chochote. Kwa hiyo usimlipe mtoto kwa analolipenda tayari. Thawabu ni kwa ajili ya lile ambalo mtoto bado hajauonja utamu wake, na inapaswa kupunguzwa mara utamu huo unapoanza.

Hoja nzito zaidi ilitoka ndani ya fani yenyewe. Mwaka 1972 Richard Winett na Robin Winkler waliwashutumu wenzao kwamba walikuwa wakitumia ujuzi huu kutengeneza watoto wanaokaa kimya, wasiojongea, watiifu, bila kuuliza kama wanajifunza. Kwangu mimi shutuma hiyo ndiyo inayoamua kama mwalimu ni mwadilifu au la. Zana hizi zinaweza kumfundisha mtoto kunyamaza, na kwa nguvu ile ile zinaweza kumfundisha kuuliza swali, kumsahihisha mwalimu kwa heshima, kujaribu tena baada ya kukosea, na kumsaidia jirani. Anayechagua ni mwalimu. Nikiona darasa ambalo watoto husifiwa kwa kunyamaza tu, naona nafasi kubwa iliyopotea. Aidha, hakuna ratiba ya viimarishi itakayomtuliza mtoto mwenye njaa, asiyesikia vizuri, asiyeuona ubao, au anayeogopa kurudi nyumbani. Kwa mtoto wa namna hiyo, kuanza na pointi na nyota ni kumkosea haki. Aanze kuulizwa, apimwe macho na masikio, na asikilizwe.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwa vyuo vya ualimu na kwa walimu wakuu. Vyuo viache kuitahini nadharia hii kwa majina na miaka pekee. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha atakiwe kumtazama mtoto mmoja kwa wiki, aandike kilichotangulia na kilichofuata kila tendo, apange badiliko moja, na aonyeshe kama tabia ilibadilika au la, na apate alama kwa ukweli wa kumbukumbu zake hata pale mpango unaposhindwa. Walimu wakuu nao watenge vipindi ambavyo mwalimu mmoja huketi nyuma ya darasa la mwenzake kwa nusu saa akiwa na karatasi yenye safu mbili. Katika safu ya kwanza aweke alama kila mara mwalimu anaposema neno kwa mwanafunzi anayefanya vyema, na katika ya pili kila anaposema neno kwa anayekosea. Karatasi hiyo isiende kwa mkaguzi wala isiingie katika faili la mtu. Apewe mwenye darasa, wakae wawili wazungumze, na wiki inayofuata wabadilishane nafasi.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi